Honi Mlangoni pa Bi Mwanafatuma

Mimi na Zahoro ni mashemeji, kwa hivyo ninayo ruhusa ya kumsema. Alimwoa dada yangu Kanze kutoka kwetu Kinango akamleta Ukunda, nami nikafuata nyuma, nikaanza kuuza viazi karai pale steji ya tuktuk, mwanzo wa mtaa wetu. Tangu hapo nimekaa nikimtazama shemeji yangu akiendesha tuktuk yake, na nimemtazama kuliko polisi wote wa trafiki wa kaunti hii. Kama kuna mtu anayestahili kueleza habari zake ni mimi Dama, na akiona nimemzulia aje anikatalie hapa hapa kwenye karai.

Zahoro ni mtu wa mwendo wa pole. Kuku wa mtaa huu wakiiona tuktuk nyingine hukimbia, wakiiona yake humaliza kwanza kudonoa. Njia yenyewe ni fupi. Inatoka steji, inapita msikitini, inapita nyumba ya Bi Mwanafatuma, kisha inatokea kwenye lami ya kwenda Diani, kule kwenye mahoteli. Hesbon, yule kijana wa Busia ambaye ndiye mwenyekiti wa steji, huimaliza njia hiyo hujameza kiazi chako. Kwa Zahoro utakula kiazi, utakunywa chai, kisha utaanza kujiuliza kwa nini hukwenda kwa miguu.

Kilichokuwa kikimchelewesha si injini, ni salamu. Akimwona mtu mzima amekaa barazani, Zahoro alikuwa akisimama na kuzima injini kabisa, maana kwake yeye shikamoo haisemwi juu ya kelele. Akishazima anasema shikamoo yake, anangoja marahaba, anauliza hali, anauliza mguu, anauliza wajukuu, anauliza mbuzi. Mzee naye anajibu vyote, si ameulizwa? Akimaliza kujibu, anaanza yeye kuuliza. Huko nyuma abiria wamebanana na sare zao za hoteli, wanacheka kwa meno tu. Na mlango mgumu kuliko yote ulikuwa ule wa Bi Mwanafatuma, kwa sababu yule bibi hana jibu fupi. Ukimwuliza ameamkaje, atakueleza kwanza alivyolala.

"Shemeji," nilikuwa nikimwambia, "siku ukifa jeneza lako litasimama kila mlango."

"Na wewe utakuwa mbele yake ukiuza viazi," alinijibu. Ndivyo tulivyo, hatujambo.

Sasa, mwaka jana, baada ya Ramadhani, wazee wa kina Tofiki walikuja kumposa Nusra. Nusra ni binti pekee wa Zahoro na dada yangu, anafunza chekechea. Tofiki ni mjukuu wa huyo huyo Bi Mwanafatuma, ndiye aliyemlea tangu akiwa mchanga, na siku hizi kijana anaendesha boti ya watalii kule Funzi, anarudi nyumbani Ijumaa. Kwamba vijana hawa walikuwa wakipendana, mtaa mzima ulijua kabla wao wenyewe hawajajua. Zahoro akawapokea wazee vizuri, akawaambia kama ilivyo desturi kwamba wampe nafasi aongee na jamaa zake, jibu litapelekwa. Jibu lilikuwa ndiyo. Hata mbuzi wa Bi Mwanafatuma walijua ni ndiyo. Lakini binti hatolewi siku ile ile kama sahani ya mihogo.

Huko kungoja jibu nako kuna adabu zake. Nyumba mbili zinakuwa zinatazamana. Mtu wa nyumba hii akimkunjia uso mtu wa nyumba ile, hata kama ni jua tu lilikuwa limempiga machoni, basi ujumbe umefika: hatuwataki. Na hakuna atakayekuja kuuliza kwa nini, kwa sababu kuuliza ni kama kuombaomba. Posa inakufa kimya kimya na kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Zahoro, mtu wa salamu, haya yote alikuwa akiyajua vizuri kuniliko.

Ni katika siku hizo hizo wanaume wa steji wakaamua kuwa na akili.

Samuel, ambaye ni askari wa hoteli moja huko Diani, alikuwa amechelewa zamu, akaonywa na wakubwa wake, akaja steji amefura. Mkutano ukaitishwa kwenye banda la steji, kando ya karai langu. Sikuwa nikisikiliza. Nilikuwa nikisikia tu.

"Wasee, kastoma amelipa afike job," akaanza Hesbon. "Hajalipa asikie mguu wa nyanya unauma aje."

"Mtu anayempita mtu mzima kimya, huyo ni mtu au ni gari?" akauliza Charo, dereva mwenzao.

"Mimi mama yangu namsalimia nyumbani," akasema Samuel. "Sasa nikisalimishwa mtaa mzima, kazini nitafika lini?"

Wakabishana, we! Mmoja akasema hapa si Nairobi. Mwingine akasema ni kweli si Nairobi, lakini barabara nayo si baraza. Mmoja akaleta habari ya mwanamke aliyetaka kujifungua ndani ya tuktuk wakati Zahoro akiulizia mbuzi, na mwenye habari alipobanwa akakiri kwamba yule mwanamke alikuwa akienda sokoni tu. Mwisho Hesbon akaleta dawa yake. Dereva akimpita mtu mzima apige honi mbili fupi, na hizo zitahesabika kuwa ni salamu. Atakayezima injini na abiria wamo ndani ataondolewa kwenye foleni ya steji. Mikono ikainuliwa, sheria ikapita.

Wote wakamtazama Zahoro. Nami nilimtazama, kijiko mkononi, nikingoja. Mtu mwenye maneno ya kuwatosha mbuzi wa watu, nilijua leo atayatoa. Zahoro hakusema kitu. Alifuta kioo cha tuktuk yake kwa kitambaa, akaingia kwenye foleni. Nilikasirika mpaka viazi vikaungua, na wateja wakala vile vile.

Kesho yake asubuhi akampita Bi Mwanafatuma. Bibi alikuwa barazani pake, keshajifunga kanga vizuri, keshaunyoosha mguu wake tayari kuueleza. Zahoro akapiga honi mbili, akaenda zake, macho mbele. Samuel ndiye aliyenihadithia, alikuwa ndani, na alikuwa akicheka. Kesho kutwa yake, hivyo hivyo. Juma zima, hivyo hivyo. Abiria wakafurahi sana. Walikuwa wakifika hotelini mapema mpaka wanasimama nje wakingoja lango lifunguliwe. Zahoro pekee ndiye aliyekuwa hali chakula vizuri, dada yangu akadhani ni tumbo.

Ijumaa ikafika. Mzee Jaafar, ambaye ndiye aliyeongoza ile posa, akaja kwenye karai langu. Hakununua kitu. Akanisogelea.

"Dama mwanangu," akasema polepole, "mwambie shemeji yako asijisumbue kuleta jibu. Limeshafika."

"Jibu gani, baba? Sisi hatujatuma mtu."

"Bibi amepigiwa honi. Mtu aliyekuwa akimsimamia mlangoni miaka yote hii, leo posa yetu iko mkononi mwake, anampigia honi kama ng'ombe aliyelala njiani. Bibi si mtoto, ameelewa. Tofiki keshaambiwa atazame kwingine."

Niliacha karai motoni nikamwambia Charo alitazame. Nikaenda mbio nyumbani kwa dada yangu, kanga inanidondoka njiani. Nikamkuta Nusra amekaa kitandani na simu mapajani. Tofiki alikuwa ameshampigia. Hakuwa akilia kwa sauti. Aliniuliza tu, "Mama mdogo, kwani baba hamtaki Tofiki? Si angeniambia mimi." Yule mtoto nimemwosha mimi akiwa na siku saba. Roho iliniuma, na ningempata Zahoro saa ile ningempiga na mwiko.

Alipokuja nikamweleza yote, mlangoni, hata kuingia sikumwacha aingie. Akakaa kwenye kizingiti.

"Lakini ile ilikuwa ni honi ya steji," akasema.

"Mwambie hivyo binti yako," nikamjibu. "Yuko ndani."

Hakuingia ndani. Akainuka akaenda moja kwa moja steji, akamtoa Hesbon kwenye foleni, akamwambia sheria ni yake, basi aje aisimamie. Hesbon, haki ya Mungu, hakubisha. Alipoambiwa kwamba honi zake mbili zimevunja posa, alisimama amefungua mdomo. Kwao, alisema, mtu akikataa posa anasema amekataa. Wakaenda kwa miguu, wote wawili, na mimi nyuma yao. Hakuna aliyenialika.

Bi Mwanafatuma alikuwa barazani. Zahoro akapiga hodi, akaambiwa karibu. Akasalimia salamu zote alizokuwa nazo, za siku ile na za juma zima lililopita. Bibi akaitikia kila moja, kwa ufupi, na mimi nikaanza kuogopa, kwa sababu sijawahi kumsikia akijibu kwa ufupi. Hesbon akavua kofia.

"Shikamoo, nyanya," akasema, kama mtu anayeonja dawa.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hesbon akaeleza. Lazima niseme kweli, alieleza vizuri, hata kile Kiswahili chake kilinyooka. Akasema sheria ni ya steji, na aliyeileta ni yeye. Mzee Zahoro hakuikataa posa, hata kidogo, nyumbani kwake wanangoja tu ndugu mmoja atoke Majoreni ndipo walete jibu. Kosa lolote lililopo, nyanya amwekee yeye Hesbon, kwa sababu yeye ni mgeni na hakujua.

Bibi akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka. "Kumbe ni sheria," akasema. "Nami nilikuwa nimeshanuna." Moyo wangu ukatulia. Hesbon akavaa kofia yake. Mimi nilikuwa nimeshaanza kuhesabu sufuria za kuazima za pilau.

"Na wewe ulipowaambia hiyo sheria yako," bibi akamwuliza Hesbon, bado anacheka, "kwamba mimi nisisalimiwe, Zahoro alisema nini?"

Hesbon akamtazama Zahoro. Zahoro akatazama sakafu.

"Hakusema kitu, nyanya."

"Hakusema kitu?"

"Hapana."

Bibi akaacha kucheka. Akauvuta ule mguu wake, akaufunika kwa kanga.

"Mimi nilidhani umenikasirikia, Zahoro," akasema. "Juma zima nimekaa hapa nikitafuta nilichokukosea. Nikasema labda nimemsema vibaya mkewe, labda mbuzi wangu wamekula mchicha wake. Nilikuwa nakutafutia sababu, baba. Hasira ningeijua dawa yake. Kumbe hukuwa na hasira. Uliambiwa tu unipite, ukanipita."

"Nisamehe, mama," akasema Zahoro.

"Nimekusamehe. Nusra nitampokea kwa mikono miwili, yeye hana kosa. Leteni jibu lenu, nasi tutakuja kama watu. Lakini wewe asubuhi ukiwa na abiria wako, pita tu. Usinisimamie."

Zahoro alilia pale pale, mtu mzima, mbele ya Hesbon. Mimi mwenye mdomo wote huu sikupata hata neno moja la kumtania, na sitaki kusikia mtu wa mtaa huu akimtania kwa hilo. Lake hilo niachieni.

Jibu lilipelekwa, na harusi ikafanyika. Nusra aliolewa vizuri, vifijo mpaka barabarani, na Hesbon alibeba maharusi katika tuktuk yake kwa mwendo wa pole ambao sijapata kumwona nao. Na ile sheria ya honi, steji wameifuta. Hesbon mwenyewe ndiye aliyesimama akaomba ifutwe, na Samuel akainua mkono wa kwanza.

Kwa hiyo Zahoro anasimama tena. Kila asubuhi, hata baada ya kuambiwa apite, huzima injini pale mlangoni na kusema shikamoo. Bi Mwanafatuma humwitikia marahaba, maana marahaba hanyimwi mtu, kisha huinuka akaingia ndani. Shemeji yangu hukaa hapo kidogo, mikono kwenye usukani. Halafu huwasha, na abiria wanafika kazini mapema.