Wino Mwekundu kwenye Sahani ya Kombe

Harufu ya wino hunitia kichefuchefu hadi leo. Miaka ile ya vijiji vya Ujamaa, Mjapani mmoja mtaalamu wa visima alipanga chumba nyumbani kwetu Chemchem, Tabora. Akirudi kutoka Igunga na Ziba, vumbi hadi kwenye kope, alikaa nami barazani akinifundisha herufi moja ya kwao, 水, yaani maji. Unaanza na mstari wa katikati wenye ndoano chini, kisha kushoto, kisha kulia. Ikiwa peke yake husomwa “mizu”. Ikiungana na herufi nyingine huwa “sui”: “suidoo”, maji ya bomba, “suiyoobi”, Jumatano. Nilikuwa na miaka tisa, na kiburi cha kuwatosha watu wazima watatu.

Madaftari yalikuwa adimu, basi nikachukua kwa siri sahani nyeupe ya kombe, ile ambayo shehe huandikia aya kwa zafarani, kisha huoshwa kwa maji na mgonjwa akanywa. Niliijaza “mizu” tele kwa wino mwekundu ambao Mjapani alichorea ramani zake, nikairudisha kabatini ikauke. Siku hiyo mdogo wangu Seifu alikuwa anaharisha vibaya, na shehe alikuwa ameahidi kupita. Shangazi, ambaye hakujua kusoma, aliporudi sokoni akaikuta sahani imeandikwa, akadhani shehe ameshakuja, akaiosha. Mimi niliingia na ndoo kichwani, nikamkuta amemshikia Seifu kikombe mdomoni.

“Kunywa, baba. Shehe keshakuandikia.”

Nilijua, nikanyamaza kwa kuogopa fimbo. Seifu alitapika uji mwekundu wenye kamasi, ukamtoka hadi puani, ukatapakaa mkekani, na nzi wakatua kabla sijaleta kitambaa. Shangazi alifurahi kwamba uchafu unatoka. Niliyazoa matapishi yale kwa mikono yangu, ya moto bado, nikisikia kinyaa, lakini nilijionea kinyaa zaidi mimi mwenyewe. Usiku mzima nilimsikiliza kama anapumua. Alipona baada ya siku nne, na Ijumaa shangazi akamshukuru shehe, naye mzee wa watu, ambaye siku ile hakupita, akadhani anashukuriwa kwa dua zake.

Seifu sasa ana wajukuu, na maji ya bomba yanaingia hadi jikoni kwake. Kila Idi huwasimulia jinsi kombe lilivyomtoa kaburini, kisha hunigeukia. “Dada alikuwepo, muulizeni.” Shangazi alishafariki, fimbo yake haipo, na mimi ni mwalimu mstaafu nisiyemwogopa mtu. Wale watoto hunitazama wakingoja, nami huwaambia ni kweli.