Harmen na Chuma cha Kifuani

Ukungu haujainuka juu ya mto Maas, Uholanzi, na Harmen Luitjes tayari amevaa bamba la chuma kifuani. Mkewe, Griete, anavuta mikanda mgongoni kwake.

"Toa pumzi, mume wangu. Nafunga."

"Nikitoa, linanipanda shingoni."

Harmen, mwenye miaka thelathini na minne, ni askari wa bunduki katika kambi hii. Hubeba bunduki nzito, mti wa panda wa kuiegemezea, vikopo kumi na viwili vya baruti na utambi unaowaka. Kinga yake ni kofia ya sufi. Mshahara ni gilda kumi kwa mwezi.

Shemeji yake Evert, kaka wa Griete, hubeba mkuki mrefu. Hupata gilda kumi na mbili, na jeshi limempa kofia ya chuma na bamba la kifuani. Mikuki hupewa watu warefu. Harmen anamfikia Evert kwapani.

"Askari wa farasi walipotuvamia vuli iliyopita, yeye alisimama ndani ya chuma," anasema Harmen, akionyesha kovu la upanga mkononi. "Mimi nikajificha nyuma yake. Nyuma ya shemeji! Hilo ndilo linaloniuma, si kovu."

Ndiyo maana amenunua bamba kuukuu kwa gilda tano. Sajini amekubali alivae vitani, mradi kwanza alenge ubao ulio hatua hamsini na kuupata.

Harmen anaegemeza bunduki, anabana kitako begani, anashusha utambi. Mlio. Kitako kinateleza kwenye chuma na kumpiga taya. Risasi inakwenda mawinguni.

"Shemeji, umeua mvua!" Evert anapaza sauti. Wenzake wanashika mbavu.

"Vua hilo dude," anasema sajini.

Evert anafunua shati na kuonyesha mabega yaliyochubuka. "Mimi naitamani kofia yako ya sufi, bwana. Hiki chuma kinanila nyama kutwa."

"Basi tubadilishane."

Evert anacheka. Anafunga shati lake, kisha anaokota bamba lake na kulivaa.

Harmen hataliuza la kwake. Griete atashona ngozi ya kondoo penye bega la kulia, kitako kipate kushika, na Jumatatu atamwomba sajini risasi moja tena.

"Na kitako kikiteleza tena?" anauliza Griete.

Harmen anapapasa taya lililovimba. "Nitalivaa kwenye ibada. Kule hakuna wa kufyatua bunduki. Evert hukaa benchi la mbele yangu. Atageuka tu kulitazama, utaona."