Kitanzi Kilichoelea Juu ya Bomba

Kwa miaka kumi na tisa Dada Chanuo alisuka vichwa vya mtaa mzima, na hakuna aliyewahi kumwona akiacha kichwa cha mtu nusu. Siku ile alikiacha.

Ilikuwa asubuhi kavu ya upepo na vumbi. Alipofungua pakiti ya rasta, kipande chembamba cha plastiki kilichanika na kumng'ang'ania kidoleni. Akakung'uta mkono, kikahamia kidole kingine. Akakifuta kwenye sweta lake la sufu, kikakataa kutoka. Kwa hasira akalisugua na chanuo kwenye sweta hilohilo, akakipiga nalo. Kipande kikaruka, kikabaki hewani juu ya chanuo, kikitetemeka.

"Mwalimu! Mwalimu, tazama!"

Aliyekuwa kitini alikuwa mwalimu wa fizikia wa sekondari ya jirani. Aligeuka, nusu ya nywele zimesukwa, nusu zimesimama wima.

"Ni umeme tuli huo, shoga. Ukivisugua, chanuo na plastiki vinapata chaji ya aina moja. Basi vinasukumana."

"Kama mawifi?"

"Kama mawifi waliowekwa jiko moja!"

Walicheka hadi machozi, wakasahau kusuka.

Jioni alimfuata mumewe, fundi bomba, aliyekuwa akivua viatu barazani. "Baba watoto, nipe kipande cha bomba la plastiki."

"Kuna mahali panavuja?"

"Hapavuji. Nataka kufanya vitu vielee hewani."

Mume alimtazama kama mtu mwenye homa, lakini bomba akampa. Mama wa watu alikata kitanzi chembamba kwenye mfuko laini, akakisugua kwa sweta, akalisugua na bomba, akakirusha kitanzi juu. Kikafunguka duara, kikaelea. Alitembea nacho kutoka sebuleni hadi jikoni bila kukigusa, mumewe nyuma yake, mdomo wazi, kiatu kimoja mguuni.

"Lete na mimi nijaribu!"

"Subiri zamu yako!"

Waligombea bomba kama watoto. Chakula kiliungua siku hiyo.

Mwalimu aliposikia, alimwomba aje kuwaonyesha wanafunzi wake. Dada Chanuo alishtuka. Shule aliiacha darasa la saba ili amuuguze mama yake, na tangu hapo hakuwahi kusimama mbele ya ubao. "Nitasema nini mimi?"

"Utasema ulichokiona."

Ijumaa ikafika, na mvua nayo. Ilinyesha tangu alfajiri. Wanafunzi arobaini walimkodolea macho. Alisugua, akarusha, kitanzi kikaanguka sakafuni. Akarudia. Kikaanguka tena. Mtu akacheka nyuma. Mikono ikaanza kulowa jasho.

Mwalimu akamnong'oneza, "Ni unyevu. Ukitanda juu ya vitu, chaji inatoroka."

"Unyevu?" Dada Chanuo akainua kichwa. "Unyevu tu? Mbona hukuniambia mapema!"

Mkobani alikuwa na draya yake, maana akitoka hapo alikuwa anakwenda kumtengeneza mteja nyumbani. Akaichomeka ukutani, ikaanza kunguruma. Akakausha bomba, akakausha sweta, akakausha mikono yake mpaka kwenye viwiko.

"Tulieni, wanangu. Kazi ya kukausha ndiyo iliyonilelea watoto."

Akasugua haraka, akarusha. Kitanzi kikapanda. Kikasimama juu ya bomba, duara kamili, na darasa zima nalo likasimama. Walipiga kelele hadi mwalimu mkuu akaja mbio akidhani kuna nyoka. Alipoingia mlangoni, kitanzi kiliyumba, kikamfuata, kikamnata shavuni. Akajaribu kukibandua, kikahamia kwenye kidole chake. Hata yeye alicheka.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Mama, kitanzi na bomba vinasukumana, sawa. Mbona kwa mkuu kimenata?"

Dada Chanuo akamgeukia. "Sijui," alisema, na moyo ukamdunda kwa furaha ambayo hata yeye hakuielewa. "Sijui kabisa! Mwalimu, kwa nini?"

Mwalimu akachukua chaki. Dada Chanuo akavuta kiti, akaketi katikati ya wanafunzi, draya mapajani, akaomba aazimwe kalamu. Tangu wiki ile saluni yake hufungwa asubuhi za Ijumaa, na anayetaka kusukwa siku hiyo husubiri kipindi cha fizikia kiishe.