Hatua Tatu za Nehemiah

Nehemiah Obwocha alikuwa mtu wa kuongea na mashine, na mimi, karani wa maabara ya pareto mjini Kisii, nilimcheka kuliko wote. Mwaka wa 1974 ndiye peke yake aliyeimudu ile mashine ya gesi iliyopima maua ya wakulima wa Nyacheki na Magwagwa yana dawa ya kuua wadudu kiasi gani. Kila jioni kabla ya kufunga alisimama mbele yake, akatamka kama anayetoa ushahidi mahakamani: "Moto umeshuka. Gesi inapita kidogo. Kalamu imepumzika."

Ndani ya mashine mlikuwa na bomba jembamba la kioo lililojikunja. Mchana lilikaa kwenye moto mkali, gesi ikipita kwa wingi na kalamu ikichora vipimo kwenye karatasi. Usiku ilibidi moto na gesi vyote vishushwe, moto mpaka kwenye alama nyekundu aliyoichora Nehemiah. Ukipunguza gesi ukasahau moto, bomba linaungua kwa ndani. Jingine lilitoka Ulaya, miezi minne kulingoja, na mkubwa wetu alishasema atakayeliunguza afungashe virago siku hiyohiyo.

Sasa, Nehemiah alikuwa Msabato. Ijumaa sharti afike nyumbani kabla jua halijazama, na nyumbani ni saa nzima kwa miguu. Ijumaa moja kazi ilimchelewesha, akaondoka mbio. Kesho yake kanisani, katikati ya maombi, akakumbuka: mkono wake ulishika gesi, haukushika moto.

Kwenda kufanya kazi siku ya Sabato hakuthubutu. Alishinda pale kwenye benchi akitokwa jasho, watu wakidhani ana malaria. Jua lilipozama tu, akashika njia.

Mlangoni mwa maabara alimkuta Kwamboka, mama Mkatoliki aliyetusafishia. Huyo ndiye ambaye Nehemiah aliwahi kumfokea, "Mashine hii usiguse hata kwa kitambaa!"

"Nilijua utakuja jua likizama," Kwamboka alisema, bila kumtazama. "Usikasirike, mwanangu. Jana nilishika mashine yako. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe."

"Ulishika nini, Mama?"

"Kila siku nasikia ukisema maneno matatu. Jana ulisema ya gesi, ukasema ya kalamu, ukakimbia. Yale ya moto hukusema. Nikazungusha swichi ya moto mpaka kwa ile alama yako nyekundu."

Nehemiah aliingia. Mshale wa moto ulikuwa chini, umetulia, bomba zima kabisa. Mwenyewe alinisimulia kwamba aliketi sakafuni akacheka huku analia, halafu akamwomba yule mama msamaha kwa kumfokea. Kwamboka naye akaanza kulia, maana tangu jana alikuwa hajala kwa hofu.

Tangu hapo sikumcheka tena. Ijumaa iliyofuata alitamka hatua zake kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akasimama na koti mkononi, akingoja. Kwamboka akaitikia kutoka alikokuwa akipiga deki:

"Zote tatu, mwanangu. Nenda kwa Sabato yako."