Meneja Amesema Starehe

Miaka thelathini na moja Hamood bin Khalfan alifua jezi za klabu moja ndogo ya Wattaya, mtaa wa Maskati, nyuma ya maduka ya magari, na msinambie kuwa hiyo ni kazi ya aliyekosa kazi. Hamood akimjua mchezaji kwa madoa yake. Huyu anapenda kuteleza, huyu mwoga wa kuanguka, huyu katokwa na damu ya pua jana na hakumwambia mtu.

Shedli alikuja Maskati kutoka Tunis, beki wa miaka ishirini na tisa, hana anayemjua. Hata Kiarabu chake wenzake wakikicheka. Hamood ndiye aliyemchukua nyumbani kwake, na mkewe Masouda, mzaliwa wa Unguja kama mumewe, akamlisha sambusa mpaka akasahau kununa. Nyumba ile ni ya Kiswahili, na Shedli akaokota neno mojamoja. Alilolipenda zaidi ni starehe. Hamood mwenyewe alimfunza: ukiingia pahala, watu wazima wakataka kukuinukia, wambie starehe, wasihangaike, wakae papo hapo. Basi ikawa kila akipita stoo ya jezi, "Starehe, ami Hamood!" hata kama mzee wa watu kainamia beseni.

Goti likamshinda Shedli, akaacha mpira. Wakubwa wa klabu wakampa umeneja, na Hamood akafurahi kuliko meneja mwenyewe. "Mwanetu kawa mkubwa, Masouda," alisema, na kile kicheko chake kikajaa nyumba.

Wiki ya pili tu meneja akamwita ofisini. Shedli alipoingia, Hamood akainuka.

"Starehe, ami," Shedli akasema, macho kayatupa dirishani. Akazunguka kwa Kiarabu, mara umri, mara uchovu, mara Mungu akujaze kheri. Mwisho akarudi kwenye Kiswahili, akidhani ndiyo adabu: "Kuanzia Jumapili, wewe starehe tu."

Hamood akenda zake anatabasamu. "Kaniambia nisihangaike," alimwambia Masouda. "Nikae papo hapo kwangu." Masikini! Neno kalifunza mwenyewe, angelielewa vipi vyengine?

Jumapili asubuhi akafika na jezi alizozipiga pasi nyumbani. Akakuta stoo wazi, na watu wawili wa kampuni ya kufulia ya Rusayl wanapakia kila kitu garini.

"Ebo! Nani kakupeni ufunguo?" akawafokea. "Mwiteni meneja!"

Meneja akaja, wachezaji wote nyuma yake wanatazama.

"Ami, si nilikwambia?"

"Uliniambia starehe."

"Ndiyo. Upumzike. Kazi imekwisha, ami."

Hamood akabaki na jezi mikononi, hajui azitue wapi. "Yaani umenifukuza," akasema polepole. "Ungesema, mwanangu. Nna miaka sitini na sita, nisingekufa."

"Wakubwa ndio waliotaka. Mimi sikuweza kukutamkia."

Na hapo namlaumu Shedli, sifichi. Aliogopa, akajificha nyuma ya neno zuri, akamwacha mzee akaaibike mbele ya watoto aliowafulia.

Siku tatu baadaye, baada ya Alasiri, ikapigwa hodi. Sauti waliijua wote wawili.

"Mwambie sipo," Hamood akanong'ona.

Masouda hajapata kusema uongo mlangoni kwake. Akafungua. "Mwanangu, Hamood kasema nikwambie hayupo."

"Basi akirudi," Shedli akasema, "mwambie nilikuja kumwomba radhi."

"Nitamwambia."

Hamood alikuwa hatua tatu tu kutoka mlangoni, kasikia kila kitu. Alitaka kuita, nipo, ingia, na ulimi ukamgomea. Akasikia gari linawashwa, linaondoka.

Masouda akaja akakaa mbele yake, akauweka sawa mtandio wake, akamtazama kama ndiyo kwanza karudi safari.

"Shedli alikuja," akasema. "Anakuomba radhi."

Hapo Hamood akalia kwa sauti, wala hakujifunika uso.