Mlango wa Saba Kutoka Kisimani

Kinuyo aliliaga bonde la Kiso akiwa na miaka kumi na sita, akaenda jiji la Nagoya kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Wazazi wake walimfuata huko, na kwa miaka mingi hakuna aliyerudi katika mji wao mdogo. Miaka sitini ilipopita, Kinuyo alirudi kwa basi la watalii, beji ya kikundi kifuani.

Wenzake walishangilia nyumba nyeusi za mbao na barabara isiyo na hata waya mmoja wa umeme. Yeye alitembea akihesabu milango kutoka kisimani. Kwenye wa saba akasimama. Hapo ndipo baba yake alipokuwa akinyoa watu, nyuma ya dirisha la kioo kikubwa. Sasa palikuwa na dirisha la kimia cha mbao na taa ya karatasi, kama enzi za wasafiri wa miguu.

"Mama, karibu wali wa kuchoma!" bibi mmoja aliita kutoka kibanda cha jirani, akipepea mishikaki ya wali iliyopakwa rojo la jozi.

"Hapa palikuwa na kioo," alisema Kinuyo.

"Nilichokivunja kwa donge la theluji?" Bibi alimkazia macho. "We! Kinu, binti wa kinyozi?"

"Hatsue! Mdomo bado unao?"

"Meno ndiyo yamehama. Nawe umekunjamana kama plamu iliyokaushwa kwa chumvi!"

Walicheka, kisha wakafutana machozi.

"Sisi tuliobaki tuliapa mji usiuzwe wala usibomolewe," Hatsue alieleza. "Tukaurudisha ulivyokuwa zamani."

"Zamani ya nani? Yangu mmeing'oa."

Hatsue aligeuza mshikaki. "Kweli, shoga. Lakini mlikuwa mmeondoka wote. Bila watalii tungekula nini?"

Akamshika mkono, akamwongoza hadi ghala la nyuma, akafunua turubai. Kiti cha kinyozi kilikuwepo, ngozi imechanika.

"Wenzangu waliniambia nikitupe. Nikaona haya. Baba yako alinikata sikio hapo, akanihonga peremende."

Kinuyo alikikalia. Utotoni miguu yake ilikuwa ikining'inia. Leo ilifika chini. Alipapasa mikono ya kiti.

Nje kiongozi wa kikundi alipuliza filimbi.

"Kamwambie waende," alisema Kinuyo. "Nitapanda treni kesho."

Siku hiyo Hatsue alifunga kibanda mchana kweupe, na majirani wakaja kuuliza kama anaumwa.