Kopo Lililotundikwa kwa Waya

Mwenzenu mpaka leo nikiona mtu wa Mgeta pale sokoni naangalia pembeni, kwa sababu kule juu milimani, kwao mume wangu, mimi ndiye yule mkwe wa mjini aliyeharibu msiba, na kwa kweli niliuharibu.

Mama mkwe alifariki hajawahi kula chakula changu. Miaka minne ya ndoa, kila akija kwetu mjini, Mwembesongo, anasema ameshashiba. Sasa siku ya kumzika nikasema leo ndugu zake watajua kwamba mimi ni mke, nikajitolea kupika wali wa wachimba kaburi (hakuna aliyenituma, kiherehere changu tu). Pipa la maji lilikuwa limejaa, wanawake walikuwa wamepandisha ndoo mlimani tangu alfajiri, lakini cha kuchotea sikukiona, na kumuuliza wifi nikaona aibu, atasema hata kopo natafutiwa. Nikainua macho, kumbe kuna kopo la maziwa ya unga limening'inia kwa waya chini ya paa. Nikalitungua, nikachotea maji, nikaliacha linaelea pipani.

Mjomba wa mume wangu, kaka wa marehemu, akatoka kuchimba kaburi ana kiu, akachota humohumo akanywa. Haukupita muda akaanza kutapika, jasho linamtoka, mikono inatetemeka. Wifi akaliona kopo, akashika kichwa.

"Hilo ni la maziwa ambayo mama alimnunulia mumeo akiwa mchanga, matiti yake yalipokauka," akasema taratibu, watu wote wanasikiliza. "Baadaye tukapimia maharage. Sasa ni la dawa ya kuulia wadudu wa kabichi. Kopo likishatundikwa kwa waya ni la dawa, wifi, hata watoto wetu wanajua."

Wali ukafukiwa, pipa likamwagwa, wachimbaji wakachimba na njaa. Mjomba akabebwa kwa machela kuteremka mpaka barabarani, akapakiwa kwenye lori la mboga kwenda zahanati. Mimi nikajifungia chumbani, nalia.

Alipona, namshukuru Mungu. Wiki iliyofuata nikaenda kumwomba radhi, nimepiga magoti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mkwe. Eti dada yangu mlimlaza kichwa upande gani?"

Hata mimi sikujua, maana wakati wa kuzika nilikuwa chumbani nalia, na mimi sikuwepo kaburini.

Siku hizi nikiingia jiko la mtu nauliza kila kitu, hata kijiko. Wakiniona mjinga, sawa tu.